Shajara ya mradi: kufungua na kukagua gia ya kamu, injini ya CG 150, Kisumu

Jumamosi: kupima kabla ya kufungua

Pikipiki iliyoletwa gereji ina injini ya 162FMJ, ambayo ni injini ya Kichina iliyojengwa kwa kufuata muundo wa Honda CG125 wa katikati ya miaka ya 1970. Alama zilizopigwa kwenye kizimba cha injini hazina fumbo: 1 ni silinda moja, 62 ni kipenyo cha silinda kwa milimita, F ni kupozwa kwa hewa, M ni pikipiki, na J ni daraja la cc 150. Pistoni ikienda mwendo wa milimita 49.5, ujazo kamili unakuwa cc 149.4. Mwenyewe hubeba samaki kutoka ufuo wa Dunga hadi soko la Kiboswa, na anaeleza kwamba mwinuko wa kutoka Mamboleo kwenda Riat, ambao zamani aliupanda kwa gia ya tatu akiwa na kreti zilizojaa, siku hizi unamlazimisha kurudi gia ya pili. Injini pia inagonga upande wa kushoto. Tapeti, yaani pengo dogo linaloachwa juu ya valvu, zimeshapangwa mara nyingi na mafundi mbalimbali, kelele hutulia, kisha hurudi.

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyonizuia kukimbilia valvu na ringi. Pengo la tapeti hueleza ugonjwa kwa mwelekeo linaofuata. Valvu inapozama kwenye kiti chake, shina lake hupanda kuelekea roka, mkono unaolisukuma, na pengo hupungua polepole, mpaka valvu ishindwe kufunga sawasawa na injini iwe ngumu kuwaka. Pengo linapoongezeka kila baada ya kupangwa, maana yake ni kwamba chuma kinaliwa mahali fulani kati ya kamu, ambayo huzunguka na kuzifungua valvu, na ncha ya shina: kwenye kamu yenyewe, kwenye roka ya chini inayoikalia, kwenye ncha za pushrodi (fimbo zinazopeleka msukumo juu), au kwenye roka ya juu na skrubu yake. Nilileta pistoni juu kabisa ikiwa katika mgandamizo, alama ya T ya magineti (gurudumu lenye sumaku kwenye ncha ya krenki) ikiwa sambamba na alama ya kizimba na roka zote mbili zikiwa huru, kisha nikaingiza fila geji. Injini ilikuwa baridi. Upande wa kuingiza ulipitisha karatasi ya milimita 0.12, na upande wa ekzosi ukapitisha ile ya 0.30 bila kuhisi ukinzani. Mimi hupanga injini hizi kwa 0.08 pande zote mbili.

Hapa muundo wa injini unasaidia sana uchunguzi, na ningependa kila anayefanya kazi hii autumie. Injini nyingi za kamu ya juu zina pua mbili (sehemu zilizochomoza zinazoinua) kwenye shafti, moja kwa kila valvu. CG ina pua moja tu, iliyoungana na gia yake chini karibu na krenki, na roka mbili za chini hukaa juu ya pua hiyo hiyo kutoka pande mbili, moja ikisukuma pushrodi ya kuingiza na nyingine ya ekzosi. Kwa hiyo pua ikilika, valvu zote mbili hupoteza mwinuko, yaani umbali wa kufunguka, pamoja. Ikiwa valvu moja imepoteza zaidi ya mwenzake, sehemu kubwa ya tofauti hiyo haitoki kwenye kamu, bali iko kwenye sehemu ambazo hazigawani: roka, pushrodi na viungo vyake.

Niliondoa pengo kwa muda kwenye skrubu zote mbili, nikafunga geji ya saa, kipimo chenye mshale, juu ya kifuniko cha springi ya valvu, na kugeuza krenki kwa mkono taratibu. Valvu ya kuingiza ilifunguka milimita 6.4, na ya ekzosi 5.6. Nafasi ndogo kiasi hicho kwenye ekzosi inatosha kueleza mlima wa Riat, kwa kuwa moshi usiotoka wote huchukua mahali pa mchanganyiko mpya unaotaka kuingia, na hakuna kabureta itakayorekebisha jambo hilo. Niliandika tarakimu hizo kwa chaki ukutani na kumwambia mwenyewe kwamba tunafungua hadi kwenye gia ya kamu.

Jumapili: kufungua

Oili ilitoka nyeusi, na ilipotulia kwenye karai jeupe ikaonyesha ung'aavu wa chuma kilichosagika. Sumaku niliyoipitisha ndani yake ilirudi na ndevu. Chuma hicho kinavutwa na sumaku, kwa hiyo hakitoki kwenye pistoni, ambayo ni alumini.

Upande wa kushoto nilitoa mkono wa gia, kifuniko cha sproketi, kifuniko cha injini, koili za magineti na magineti yenyewe. Magineti haitolewi kwa nyundo. Imekaa kwenye ncha ya krenki yenye umbo la koni, na kuipiga kando huweza kupindisha krenki au kuvunja sumaku za ndani. Pula yake ni ya bei nafuu na hufungwa kwenye uzi wa katikati ya magineti hiyo. Kwa kuizuia isizunguke nilitumia kishikio cha chuma bapa nilichokatiwa na mzee mmoja fundi wa kulehemu wa Kibuye, kifaa ambacho kimenitumikia vizuri kuliko vingi nilivyonunua.

Nyuma ya magineti na gia ya stata ndipo gia ya kamu inapoonekana, ikiwa imeshikana na gia ndogo ya krenki. Kabla ya kulegeza chochote zaidi, nilirudisha pistoni juu na kutafuta alama za nukta kwenye gia zote mbili. Zilikuwa zinatazamana sawasawa, kwa hiyo hakuna aliyewahi kuzikosesha jino. Nilizipaka rangi ya kucha nyekundu baada ya kuzifuta kwa petroli, kwa sababu nukta hizo ni ndogo, na utando wa oili huzificha wakati wa kufunga. Nikalegeza roka za juu, nikachomoa pushrodi na kuziweka kwenye kadibodi yenye matundu yaliyoandikwa E (ekzosi) na I (kuingiza), kwani sehemu zilizozoeana zinapaswa kurudi zilikotoka iwapo zitatumika tena.

Kichwa cha silinda kilipoinuka, sababu ya mengi ilijitokeza. Kwenye kiungo cha kichwa, aliyewahi kukifunga alikuwa amepaka silikoni nyingi juu ya gasketi mpya. Iliyobanwa nje ilining'inia kama ukoko, na iliyobanwa ndani ilikatika na kuziba karibu nusu ya njia ya oili inayopanda kwenye roka. Chumba cha roka kilikuwa na rangi ya kahawia ya oili iliyoungua, na roka ya ekzosi ilikuwa kavu kwenye ekseli yake. Katika injini hii oili inayofika juu hurudi chini kupitia tundu la pushrodi na kumwagikia roka za chini na kamu, hivyo kuziba njia ya juu ni kuvinyima chakula viungo viwili kwa wakati mmoja. Gasketi ya kichwa haihitaji silikoni. Inahitaji nyuso safi, zilizonyooka, na bolti zilizokazwa kwa mpangilio.

Nilimalizia kwa kufungua upande wa kulia ili nione chujio cha mzunguko kilicho mwishoni mwa krenki. Chombo hicho hutenganisha uchafu kwa nguvu ya mzunguko, uzito ukibaki ukutani mwake, na hakijisafishi. Ukuta wake wa ndani ulikuwa na tabaka gumu la matope ya chuma ambalo lilibidi likwanguliwe kwa kijiti cha mbao.

Jumatatu jioni: ukaguzi mezani

Kila kitu kilioshwa kwa mafuta ya taa, kikakaushwa kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, kisha kikapangwa chini ya taa yenye mwanga mkali.

Nilianza na meno ya gia ya kamu. Jino zuri lina mkanda wa kung'aa katikati ya ubavu wake, na mkanda huo unafanana jino hadi jino kuzunguka gia yote. Mkanda ukiwa upande mmoja tu wa upana wa jino, gia inakaa imeinama kwenye ekseli yake. Ukiwa mpana mahali fulani na mwembamba kwingine, gia haiko sawa katikati. Gia hii ilikuwa na mkanda ulio sawa, bila jino lililovunjika wala lililomeguka kingo, ingawa kulikuwa na vitundu vidogo vya uchovu wa chuma kwenye meno machache. Meno hayo yalikuwa katika sehemu ambayo hushikana na gia ya krenki wakati pua inapoinua roka, yaani pale gia inapobeba mzigo mkubwa zaidi. Gia ya kamu ina meno mara mbili ya yale ya krenki, kwa kuwa inapaswa kuzunguka mara moja kila krenki inapozunguka mara mbili, na kwa sababu hiyo meno yale yale hukutana na kazi ile ile maisha yote. Ndiyo maana uchakavu wake haujisambazi.

Ekseli ya gia ilipita kwenye tundu lake bila kucheza kwa kiwango kinachohisika, na ilikuwa laini ilipopapaswa kwa ukucha. Hiyo ilikuwa habari njema, kwa sababu ekseli ikilika gia husogea mbali na mwenzake na mlio wake hupanda hata meno yakiwa mapya.

Kisha pua ya kamu. Nilipima kwa maikromita urefu wote kuanzia mgongoni hadi kileleni, halafu kipenyo cha ile sehemu ya mviringo ya mgongo, na kutoa cha pili kwenye cha kwanza ili nipate mwinuko halisi wa kamu. Nilirudia katika sehemu tatu za upana wake, kwa sababu roka mbili hazikanyagi mstari mmoja. Kulikuwa na mikwaruzo miwili, mmoja kwa kila roka, na upande wa ekzosi pua ilikuwa na mabaka yaliyochubuka kana kwamba ngozi ya juu imebanduka. Ngozi hiyo ndiyo uhai wa kamu. Chuma chake hugumishwa juu tu, kwa tabaka jembamba, huku moyo ukibaki laini ili usivunjike kwa mapigo. Tabaka likishapenywa, kinachobaki chini yake huliwa haraka, na hakuna oili nzuri itakayokigeuza kuwa kigumu tena.

Roka za chini zilinishughulisha zaidi ya yote. Uso wa roka ya kuingiza ulikuwa na alama iliyong'aa, yenye kina kidogo. Uso wa roka ya ekzosi ulikuwa umechimbika bonde ambalo ukucha uliingia na kukwama. Nilijaribu tupa ndogo pembeni mwa bonde hilo, mahali ambapo kamu haifiki, ikateleza bila kukata, kwa kuwa pale ugumu bado upo. Ndani ya bonde tupa ilikata. Majaribio haya hufanywa kwenye spea inayotupwa tu, kamwe si kwenye ile itakayorudi.

Bonde hilo linaeleza kwa nini kupanga tapeti hakukuweza kuirudishia injini nguvu. Mgongo wa kamu ni mviringo mpana, hivyo unapopita juu ya bonde huegemea kingo zake na hauingii ndani. Pua ni nyembamba, nayo inapofika hapo huzama hadi chini. Fundi hupima pengo roka ikiwa imekaa kwenye mgongo, analirekebisha likawa sahihi kabisa, na fila geji yake haina njia ya kujua kwamba pua itakapofika itapoteza sehemu ya mwinuko wake ndani ya shimo. Kelele itatulia kwa muda kwa sababu pengo limefungwa, lakini valvu itaendelea kufunguka nusu nusu. Geji ya saa juu ya springi ndiyo pekee inayoona hilo bila kufungua injini, na ninaamini gereji yoyote inayotengeneza CG inastahili kuwa nayo hata kabla ya kununua mashine kubwa.

Kwamba ekzosi ndiyo iliyoumia zaidi si bahati. Valvu ya kuingiza hufunguka wakati silinda haina presha kubwa, ilhali ya ekzosi husukumwa kufunguka dhidi ya gesi iliyochomwa ambayo bado ina nguvu, na nguvu hiyo yote hurudi kupitia pushrodi hadi kwenye uso wa roka ya chini. Ukiongeza mzigo wa kreti za samaki na mwinuko mrefu, presha hiyo huwa kubwa zaidi, na oili ilikuwa imepungua mahali hapo hapo.

Pushrodi nilizivingirisha juu ya kioo. Zote mbili zilikwenda bila kuruka, na ncha zake zilikuwa duara. Roka za juu zilikuwa na uchakavu mdogo, ila tundu la oili la roka ya ekzosi lilikuwa limeziba. Gia ndogo ya krenki, ambayo imeshindiliwa kwenye krenki na haitoki bila kupasua kizimba, niliikagua ikiwa mahali pake kwa kioo cha mkono: meno yana mng'aro wa umri, hayana vitundu. Inabaki.

Jumatano: spea

Yule mzee wa Kibuye alipoiona roka alisema, "Fundi, hii nitaijaza kwa moto na kuisugua, itarudi kama ilivyokuwa." Nilimjibu, "Mzee wangu, umbo utalirudisha, lakini ugumu wake na ule mkunjo wa uso tutaupimaje?" Aliigeuza mara kadhaa, akapitisha kidole, akakubali kwamba kwa kazi hii ni afadhali mpya.

Nilinunua gia ya kamu na roka zote mbili za chini kwa pamoja. Kuweka kamu mpya chini ya roka yenye bonde, au roka mpya juu ya kamu iliyochubuka, ni kuiharibu ile mpya katika muda mfupi, kwa sababu kingo za uchakavu wa zamani hukwangua ngozi ya mwenzake. Dukani niliomba nionyeshwe gia zaidi ya moja na kuzipima zote kwa maikromita mezani pa muuzaji, ambaye alivumilia kwa ukarimu. Mbili zenye boksi linalofanana hazikuwa na mwinuko sawa, na moja ilikuwa na makovu ya kusagwa yanayoonekana kwa macho kwenye pua. Niliichukua iliyokuwa laini na yenye mwinuko mkubwa zaidi, kisha nikahakikisha nukta yake imepigwa mbele ya jino sawa na ile ya zamani, kwa kuziweka gia mbili mgongo kwa mgongo na kuingiza ekseli moja katikati yake.

Ijumaa: kufunga

Njia zote za oili zilipulizwa kwa hewa ya kompresa, kisha nikapitisha oili safi kwa sirinji hadi nikaiona ikitokea upande wa pili. Silikoni ya zamani iliondolewa kwa mbao na kiyeyusho, si kwa patasi, kwa kuwa uso wa alumini ukikwaruzwa huvuja.

Pua ya kamu na nyuso za roka zilipakwa grisi yenye molibdeni, ambayo hubaki mahali pake katika zile sekunde za kwanza kabla ya pampu kufikisha oili. Gia iliingia, nukta nyekundu zikatazamana, na nikageuza krenki kwa mkono mizunguko miwili kamili ili alama zikutane tena. Mzunguko mmoja hautoshi, kwani baada ya huo nukta ya kamu huwa upande wa pili kabisa. Kwa kidole nilitikisa gia mbele na nyuma ili nihisi mchezo kati ya meno: upo kidogo, na unafanana katika sehemu zote nilizosimamisha. Gasketi ya kichwa ilikaa kavu. Nati zilikazwa kwa mkato, kona hadi kona, kwa hatua kadhaa badala ya mara moja.

Tapeti zilipangwa 0.08. Kabla ya kufunga kifuniko nilirudisha geji ya saa: kuingiza milimita 6.9, ekzosi 6.8. Upande wa ekzosi umepata zaidi ya milimita nzima. Hata upande wa kuingiza umeongezeka nusu milimita, nao ndio ule uchakavu wa pua uliokuwa unagawiwa valvu zote mbili.

Oili mpya ya 20W-50, kama lita moja, iliingia. Plagi ilitolewa kwanza, na krenki ikazungushwa kwa stata hadi oili ikaonekana kwenye roka. Kisha tukawasha. Niliiacha injini ifanye kazi kwa kasi ya wastani inayopandishwa na kushushwa kidogo kidogo, badala ya kuiacha ikinguruma chini, kwa sababu katika kasi ya chini sana oili ni chache na springi hukandamiza uso mpya kwa nguvu yake yote.

Jumapili iliyofuata: barabarani

Mwenyewe alipanda kutoka Mamboleo akiwa na mzigo wa nusu, nami nikimfuata kwa pikipiki nyingine. Gia ya tatu ilishika hadi Riat. Injini ilipopoa nilipima tena, na pengo lilikuwa 0.08 upande wa kuingiza na 0.09 upande wa ekzosi, kiasi ambacho nyuso mpya hukitoa zinapozoeana. Nililirudisha lile la ekzosi.

Ile kelele ya kugonga haipo tena. Umebaki mlio mwembamba wa gia unaosikika injini ikiwa baridi na kupotea ikipata moto, ambao ninauhusisha na ile gia ndogo ya krenki iliyozoeana na mwenzake wa zamani na sasa inafanya kazi na mgeni. Oili hii ya kwanza itatolewa baada ya kilomita 300, itapitishwa kwenye kitambaa cheupe na sumaku, na pengo pamoja na mwinuko wa ekzosi vitapimwa siku hiyo hiyo. Mwinuko ukibaki 6.8, nitasikiliza mlio tu. Mlio ukizidi na meno mapya yakionyesha vitundu, kizimba kitapasuliwa na krenki kubadilishwa pamoja na gia yake, na mwenyewe ameshaanza kuweka kando fedha za krenki hiyo kutoka kwenye kila safari ya Kiboswa.